Rantanen aliuzwa mara mbili ndani ya wiki 6: nyota aliyebakiza miezi michache anapimwaje bei?

SWALI: Kaka habari za huko. Mi niko hapa Denver mwaka wa tisa sasa, hoki ya barafu nilianza kuangalia kwa ajili ya watoto, mwisho wa siku nimekuwa shabiki wa Avalanche, timu yetu hii ya Colorado, kuwashinda wao. Ile ya Mikko Rantanen mpaka leo sijaisamehe. Tulimtoa kwenda Carolina Januari 2025, wiki 6 baadae Carolina nao wakamuuza Dallas kwa machaguo mawili ya raundi ya kwanza ya drafti na vitu vingine juu, alafu kwenye mtoano, mechi ya 7 ya kuamua, jamaa akaja na Dallas akatupiga hatitriki. Shemeji yangu kila tukikaa anasema tulipigwa mchana kweupe. Swali langu la kitaalamu ni hili, nyie mnaopiga hesabu za mikataba mnapimaje bei ya nyota ambaye mkataba wake unaelekea ukingoni? Na kwa hesabu hizo tulipigwa au hatukupigwa?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, ile mechi ya tarehe 3 Mei hata mi ambaye sina timu niliisikia, mnaongoza 2-0 kipindi cha tatu kinaanza, kikaisha mmelala 4-2 na magoli matatu ni ya mtu mliyekuwa mnamlipa nyie wenyewe miezi mitatu na kidogo nyuma. Sasa weka hiyo mechi pembeni kwanza, kwa sababu ndo inayomharibia shemeji yako hesabu. Bei inapimwa kwa kilichojulikana siku ya kuuza.

Kitu cha kwanza ambacho sisi tuliokulia kwenye soka tunakikosea. Kwenye soka klabu ikimtaka mchezaji inatoa hela, na mkataba ukiisha anaondoka bure, kama Chama alivyotoka Simba kwenda Yanga 2024, watu wanalia siku mbili yanaisha. Kwenye NHL, hiyo ligi yenu ya hoki, hela haiingii kabisa kwenye biashara ya wachezaji, ni mali kwa mali: unatoa mchezaji unapewa mchezaji, au dogo ambaye bado anakua, au zamu yao ya kuchagua kwenye drafti, ile siku timu zinagawana vijana wapya. Na kila timu ina kikomo cha mishahara, wao wanaita kepu, msimu ule ilikuwa dola milioni 88, huvuki. Kwa hiyo ukimuacha nyota aondoke bure hupati hela ya kununua mwingine, unabaki na nafasi tupu kwenye kepu na ukatafute mwingine sokoni kama kila mtu. Timu ya Islanders waliishi hayo 2018, walimshikilia nyota wao John Tavares mpaka mwisho, tarehe 1 Julai akasaini Toronto miaka 7 kwa milioni 77, nao wakabaki wanatazamana.

Sasa bei yenyewe. Watu wanafikiri kinachouzwa ni mchezaji. Hapana bana, mchezaji aliyebakiza miezi mitano hauziki, kinachouzwa ni vitu viwili tofauti na mi kwenye shiti yangu ya Excel naviweka safu mbili tofauti kabisa. Safu ya kwanza ni huduma yake kuanzia leo mpaka mtoano uishe. Safu ya pili ni haki ya kukaa nae mezani peke yako kabla wengine 31 hawajaruhusiwa kumpigia simu. Ukizichanganya tu umepotea.

Safu ya kwanza ni rahisi kidogo. Rantanen siku anaondoka Colorado alikuwa na magoli 25 na asisti 39 kwenye mechi 49, misimu miwili kabla alikuwa amevuka pointi 100 mara zote mbili. Hapo unajiuliza mechi zilizobaki ni ngapi, na timu inayomtaka ina uwezo wa kufika wapi, kwa sababu nyota wa kukodi kwa timu iliyo mkiani hana maana yoyote ila kwa timu inayonusa Kombe la Stanley, ubingwa wenyewe, anaweza kuwa ndo kipande kilichokosekana. Alafu mshahara. Alikuwa anahesabika milioni 9.25 kwa mwaka, lakini Chicago waliingia katikati wakabeba nusu, kwa hiyo Carolina akawakalia kwenye kepu kwa 4.625 tu. Chicago kwa kubeba huo mzigo, tena na mchezaji wao Taylor Hall wakamtoa, walichopata ni kurudishiwa chaguo lao wenyewe la raundi ya tatu. Umeona hapo? Nafasi ya kepu yenyewe ni bidhaa sokoni, na mshahara ukishakatwa nusu wanunuzi wanaongezeka, wanunuzi wakiongezeka bei inapanda, kwa hiyo hesabu ya kumkodi nyota kwa miezi michache ina mikono mingi kuliko watu wanavyodhani.

Safu ya pili ndo yenye utamu na ndo jibu la swali lako lilipo. Kwa sheria zilizokuwepo, timu iliyokuwa nae mkononi peke yake ndo iliweza kumpa miaka 8, timu nyingine zote mwisho wao miaka 7 (sheria mpya zinazoanza Septemba 2026 zimeshusha, inakuwa 7 na 6). Kwa hiyo anayemnunua kabla ya dedilaini ya Machi, siku ya mwisho ya kuuziana wachezaji msimu huo, ananunua na huo mwaka wa ziada. Lakini hiyo haki ina thamani kama jamaa mwenyewe anataka kukaa kwako. Asipotaka, umenunua ufunguo wa nyumba ambayo mwenye nyumba amebadilisha kitasa.

Ngoja nikupe mfano wa namba, hizi nazitunga ili uone njia. Tuseme nyota sokoni anastahili milioni 14 kwa mwaka na wewe utampata kwa 12. Unaokoa 2 kila mwaka, mara miaka 8 ni milioni 16 (kiukweli miaka ya mwisho inapungua kwa sababu ya umri, Rantanen mkataba wake wa sasa utaisha akiwa na miaka 36, lakini tuache hivyo). Kama uhakika wa kusaini ni 3 kwa 10, hiyo haki kwako ina thamani ya milioni 4.8. Kama ni 9 kwa 10, ni milioni 14.4. Karibu milioni 10 ya tofauti, na jamaa hajafunga hata goli moja la ziada! Bei imebadilishwa na mdomo wake tu. Ndo maana kwenye kazi yetu simu moja na wakala ina uzito kuliko video za mechi 20, na ndo maana mtu akinitumia orodha ya takwimu za mchezaji akaniuliza bei, swali langu la kwanza ni "anataka kuishi wapi".

Sasa rudi kwenye ile ya kwako. Tarehe 24 Januari Colorado mlipata Martin Necas, Jack Drury, chaguo la raundi ya pili la 2025 na la nne la 2026. Carolina walimchukua bila saini ya mkataba mpya. Walikuwa na matumaini, basi. Walichofikiria sijui ni kwamba akishaonja mazingira atalegea, lakini kwenye mechi 13 alifunga magoli 2 na asisti 4 na kusaini hakusaini. Na hawa Carolina walikuwa na kidonda kibichi: Machi 2024 walimchukua Jake Guentzel kutoka Pittsburgh kwa Michael Bunting, madogo watatu na machaguo juu, wakatolewa raundi ya pili, na tarehe 30 Juni wakauza haki ya kuongea nae kwa Tampa Bay kwa chaguo la raundi ya tatu. La tatu! Tampa wakampa miaka 7 kwa milioni 9 kila mwaka. Mtu aliyeng'atwa na nyoka hivyo akiona kamba inajinyonga mbele yake hasubiri, kwa hiyo tarehe 7 Machi 2025, siku ya dedilaini, wakampeleka Dallas na kupata Logan Stankoven, raundi ya kwanza mbili (2026 na 2028) na raundi ya tatu mbili.

Shemeji yako anachukua kapu la Dallas anaweka kando ya kapu lenu anasema mlipigwa. Lakini Dallas hawakununua kitu kile kile! Dallas walinunua na saini: miaka 8, milioni 96, yaani 12 kwa mwaka, na imetangazwa hapo hapo na biashara yenyewe. Kwao ile 3 kwa 10 ilikuwa 10 kwa 10. Na Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo 12 ya Dallas mfukoni inafanya kazi kama namba kubwa zaidi ya sehemu zenye kodi nzito, hilo wakala analijua kabla hajaamka.

Na hiyo 12 nayo watu waliiona kubwa. Mi naangalia asilimia, siangalii dola. Ile 9.25 kwenye kepu ya milioni 88 ilikuwa kama asilimia 10.5. Kepu ya 2027-28 imepangwa kuwa milioni 113.5, na 12 humo ndani ni asilimia 10.6. Yaani baada ya misimu michache Rantanen wa Dallas anakula kipande kile kile cha mkate alichokuwa anakula kwenu. Hapa ndo nadhani ofisi yenu ilikosea kidogo, walikuwa wanapima mshahara wake ujao kwa kepu ya jana, wakaona na nyota mwenzake MacKinnon wa milioni 12.6 yupo hapo hapo wakasema hatuwezi. Ni maoni yangu mimi, wenyewe wana watu wao wa hesabu.

Je mngeweza kumshikilia tu? Inawezekana, Columbus walifanya 2019. Nyota wao Panarin na Bobrovsky wote mikataba inaisha, badala ya kuuza wakaongeza na Matt Duchene, wakaenda kumfunga Tampa Bay mechi 4 kwa 0 raundi ya kwanza, Tampa ambayo ilikuwa imeshinda mechi 62 msimu huo. Mji mzima ulilewa. Raundi ya pili Boston wakawatoa, na tarehe 1 Julai wote watatu wakaondoka bure. Ukiwauliza mashabiki wa kule nusu watakwambia ilistahili, na mi siwezi kuwabishia, furaha nayo ina bei ila kwenye shiti yangu sina safu yake.

Na kuuza nako sio dawa. Ottawa 2019 walimpeleka Mark Stone Vegas wakapata Erik Brannstrom, Oscar Lindberg na raundi ya pili. Brannstrom alikuwa ndo dogo wa moto, kila mtu alimsifia, hakuwahi kuwa yule waliyemtarajia. Stone alisaini Vegas miaka 8 na 2023 akanyanyua Kombe akiwa kapteni. Ndo maana dogo au chaguo la drafti naliwekea punguzo kubwa, hasa chaguo la raundi ya kwanza kutoka kwa timu nzuri, maana linaangukia huko mwishoni namba 25 kwenda 32 na wengi wa huko hawawi kitu.

Sasa Necas hakuwa dogo wa kubahatisha. Alikuja na miaka 26, na mwaka mzima zaidi kwenye mkataba wake, kwa milioni 6.5. Akawapa pointi 28 kwenye mechi 30 msimu ule ule, alafu Oktoba 2025 akasaini miaka 8 kwa milioni 92, yaani 11.5 kwa mwaka. Kwa hiyo kwa mtu asiye na saini, aliyebakiza miezi mitano, kupata mtu wa namna hiyo pamoja na Drury sio kupigwa. Linganisha na Toronto, nyota wao Mitch Marner alikuwa na kipengele cha kukataa kuhamishwa, zilivuma habari kwamba Machi 2025 alikataa biashara ambayo ingemleta huyo huyo Rantanen kwao, na mwisho wa Juni walichoambulia kutoka Vegas ni Nicolas Roy peke yake, Marner akapewa miaka 8 kwa 12. Hiyo ndo bei ya saa za mwisho.

Kwa hiyo jibu langu: bei ya Januari ilikuwa ya haki kwa bidhaa iliyouzwa Januari. Kama mna kosa, ni kuuza bidhaa isiyo na saini wakati labda ingewezekana kumruhusu wakala azungumze na timu mbili tatu kwanza, Dallas wakiwemo, na bei ya saini ikaja kwenu badala ya kwenda Carolina. Ila hapo tena ungekuwa unampeleka kwa mpinzani wa kitengo chako mwenyewe, na wengi ofisini wangeona bora wapate pungufu kuliko kumwona Dallas. Wakamwona Dallas hivyo hivyo.

Na kabla hujaenda kumjibu shemeji, mwambie aache Rantanen aanze kumuangalia Cale Makar, nyota wenu mwingine. Mkataba wake wa milioni 9 unaisha 2027, na kuanzia tarehe 1 Julai 2026 ndo anaruhusiwa kuongeza. Siku hiyo simu yako iwe na chaji.