Hatua ya sita ya jumuiya isipitwe mbio

Jumuiya nyingi ndogo ndogo za Kikristo nilizosali nazo zinasoma Injili vizuri. Ugumu uko baada ya kusoma.

Wanaotumia zile hatua saba za kusoma Injili pamoja za Lumko, taasisi ya Kikatoliki ya Afrika Kusini, zilizoenea katika jumuiya ndogo ndogo huku kwetu Afrika Mashariki, wanajua kwamba hatua ya sita ni kuulizana Bwana anatutaka tufanye nini. Hapo mtu husema, "Tuwaombee wagonjwa wetu," wote tunaitikia, kisha tunaingia sala za kufunga. Nimekuwa katibu wa jumuiya kwa miaka mingi, na jambo ninalomwambia kila katibu mpya ni hili: hatua hiyo isifungwe kabla hamjaandika daftarini jina la anayehitaji msaada, jina la atakayekwenda, na siku ya kwenda. Juma linalofuata, kabla ya somo jipya, aliyetumwa aeleze alichokikuta.

Maandiko yenyewe yako hivyo ukiyasoma taratibu. Msamaria wa Luka 10 hakuishia kwenye huruma. Alifunga majeraha, akayatia mafuta na divai, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, na akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, wanafunzi walichagua watu saba, na majina yao yote yameandikwa, kuanzia Stefano. Kwa hiyo mkisoma, ulizaneni: nani alifanya nini, na nani aligharamia? Maswali hayo huwafungua midomo hata wale wanaoona haya kutoa tafakari mbele ya mwalimu wa dini.

Kabla ya kubeba chochote, muulizeni mwenyewe. Bibi mmoja wa mtaani kwetu anayelea wajukuu alituambia unga anao. Alichotaka ni mtu wa kumsomea barua zinazotoka shuleni. Kijana wa jumuiya anapita kwake mpaka leo. Mwingine anahitaji wa kumsindikiza kliniki ya presha, au wa kukaa na watoto mama akilazwa, au wa kwenda naye ofisi ya serikali ya mtaa kufuatilia barua. Mambo haya hayamalizi mfuko wa jumuiya. Yanataka mtu mwenye muda na asiyechoka upesi.

Siri za watu zilindwe. Mtu akikueleza afya yake au njaa ya nyumbani kwake, hilo si tangazo, na picha ya kukabidhi mchele isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp. Naumia sana nikiona mzee ameshikishwa mfuko ili apigwe picha. Fedha nazo zijulikane na zaidi ya mtu mmoja, na ziandikwe siku ileile.

Wala msiulize anasali wapi. Jirani Mwislamu aliyefiwa ni jirani, na Yesu alipotoa mfano wa jirani alimchagua Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye.

Kwa jumuiya inayoanza, chukueni Yakobo 2:14–17. Ni mistari minne tu, inasomwa kwa dakika moja. Muda unaobaki, angalau nusu saa, upeni hatua ya sita.