Maswali ya Wasomaji: Dishi la Juu ya Gari Linakatakata

SWALI: Gari letu, Land Cruiser, hupeleka timu ya chanjo vijijini Liwale na Nachingwea. Juu ya keria kuna dishi la intaneti ya setelaiti la sentimita 75, linalojielekeza lenyewe kwa mota. Mjini lilishika vizuri. Kijijini, mtu akipanda au kushuka garini tu, mtandao unakatika. Ikifika saa nane mchana na betri imekwisha. Dishi ni bovu? Msomaji, Nachingwea.

JIBU: Dishi lenu ni zima, tatizo ni springi za gari. Dishi la ukubwa huo kwenye masafa ya Ku (bendi ya mawimbi inayotumiwa na setelaiti) lina mwale wa nyuzi kama 2 tu. Likiinama nyuzi 1, nguvu ya mawimbi hushuka kwa nusu, na gari linaweza kulala kiasi hicho mtu mzito akikanyaga upande mmoja. Mawimbi yakishapotea modemu huacha kurusha mpaka iyapate upya, ndiyo maana mnasubiri.

Nunueni jeki nne za kusimamishia. Ziwekeni chini ya chesisi; mkiziweka chini ya ekseli springi zitaendelea kucheza na mtakuwa hamjafanya kitu. Vuta handibreki, weka kabari, kisha inua mpaka springi zipungukiwe na uzito, matairi yakiwa bado yamegusa ardhi. Kwenye mchanga tanguliza kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 30 chini ya kila jeki, la sivyo kona moja itazama polepole na mtandao utawapotea mchana bila kujua kwa nini. Pima kwa pimamaji, urefu na upana. Hapo ndipo mwashe mota ya dishi.

Pili, acheni kuegesha chini ya mkorosho au mwembe. Huku kwetu setelaiti nyingi ziko juu sana: iliyopo longitudo ya nyuzi 36 Mashariki, ukiwa Masasi, inaonekana kwenye mwinuko wa nyuzi 77 hivi, kaskazini ukiegemea magharibi kidogo. Majani, hasa yenye maji, humeza mawimbi. Gari likae juani, nyinyi vuteni kebo ya mtandao hadi kivulini. Inafika mita 100.

Betri ni hesabu. Modemu, kirushio (kifaa cha dishi kinachotuma mawimbi) na kompyuta mbili zikila wati 100, kwenye volti 12 ni ampea 8 na kitu. Ongeza kinachopotea kwenye inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani), weka 10. Betri ya risasi ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo ni saa 5. Mkianza saa tatu asubuhi, saa nane imekwisha, kama mlivyoona. Wekeni betri ya pili ya mzunguko mrefu (inayovumilia kunyonywa sana na kuchajiwa tena), mbali na ile ya kuwashia gari, kwa waya wa milimita za mraba 6 na fyuzi karibu na betri. Waya mwembamba hushusha volti na inveta hujizima.

SWALI: Mvua kubwa ikinyesha mtandao unapotea. Tulielekeze dishi upya? Msomaji, Newala.

JIBU: Msiliguse. Mvua nzito hupunguza mawimbi ya Ku. Yatarudi mvua ikipungua, ila mkishalisogeza mtaanza kulitafuta upya. Mtandao usiporudi hata mvua ikikata, fungueni koneka za nje mwangalie maji. Kebo iache kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia garini, maji yadondokee hapo. Na kirushio kikiwa kimewashwa, asipite mtu mbele ya dishi.