Wadogo zangu wa mipango na ujenzi, bei ya barabara sio BOQ peke yake

Jumatatu nilikuwa kwenye kikao cha bajeti, injinia mmoja kijana, mchapakazi kweli, anawasilisha barabara ya lami kilomita tatu na nusu inayokatiza katikati ya makazi ya watu. BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, ipo, VAT 18% ipo, fungu la dharura lipo. Nikamuuliza fidia umeiweka wapi? Akajibu, "hiyo tutaiangalia kazi ikianza mkuu." Aisee nilinyamaza, maana hilo jibu niliwahi kulitoa mimi, maneno yaleyale, na najua liliigharimu manispaa nzima. Kwahiyo naandika kwa ajili yake na nyie wote mnaoanza halmashauri, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na kwa makonsalta. Nikifoka mnivumilie, nafoka kwasababu nawapenda.

1. Hela ya mfadhili sio hela ya barabara yote. Mara nyingi analipia kazi tu, yaani lami, mitaro, kalavati, taa. Kuhamisha watu, kuhamisha nguzo za umeme na bomba la maji unaachiwa wewe, na hapo ndo bajeti ya mji inapotobolewa. Ngoja niwaambie ya kwangu.

Ilikuwa kabla TARURA haijaanza 2017, barabara za mjini ziko bado mikononi mwa halmashauri. Nilikuwa idara ya ujenzi, nikapewa barabara ya kilomita 4, nyumba 31 zinaguswa. Mthamini alifanya kazi yake vizuri kabisa, jedwali lina ardhi, majengo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya miezi 36, na kwa wenye biashara faida ya miezi 36 pia. Sasa ukomo wa bajeti ulikuwa umebana, mwaka wa fedha unakaribia kufungwa, wote wanataka mkataba usainiwe kabla ya Juni 30. Nikachukua kalamu nikaacha ardhi na majengo tu, posho zote nikasogeza mwaka unaofuata. Halafu nikaandika kwenye dokezo kwamba saiti iko wazi kwa ujenzi. Haikuwa wazi, na nilijua. Mkurugenzi alisaini akiniamini.

Mkandarasi akachukua malipo ya awali, akaleta grida, eskaveta, rola mbili, akaanza vizuri. Kufika 1+400, yaani kilomita moja na mita 400 toka mwanzo, akakuta watu wamo ndani ya nyumba zao na wamegoma kupokea nusu. Walikuwa na haki, sheria ya ardhi inasema fidia kamili, ya haki na ya haraka, hakuna nusu pale. Mitambo ikasimama siku 47, na mtambo ukisimama kwa kosa la mwajiri, yaani sisi halmashauri, unahesabiwa kila siku na dereva wake na mlinzi wake. Klemu ya kwanza, madai ya mkandarasi ya kulipwa hasara, ikaingia. Kuilipa tukagusa fungu lililokuwa lilipe IPC namba 3 (hati ya malipo ya kazi iliyokwishafanyika), IPC ikachelewa, na kwenye FIDIC nyekundu ya 1999, kile kitabu cha masharti ya mkataba wa ujenzi, siku 56 tangu konsalta apokee madai zikipita riba inaanza, asilimia 3 juu ya riba ya benki kuu, na inajumlishwa kila mwezi, riba inazaa riba. Mkandarasi akatoa notisi ya siku 21 ya kusimamisha kazi, na akasimamisha kweli. Huku fidia nayo imepita miezi sita haijalipwa, nayo ikaanza kudai riba yake. Yaani mji ukawa unalipa pande zote mbili kwa barabara ambayo haisogei.

Hela ikatoka mapato ya ndani, ushuru wa masoko, leseni, hela za mama ntilie na bodaboda. Kulikuwa na zahanati imefika lenta, wananchi walichanga tofali wenyewe, ikasimama hapohapo lenta miaka miwili mpaka ikaota majani. Diwani wa ile kata alinyanyuka kwenye baraza akauliza hela yetu ya bati iko wapi, na mimi nimekaa safu ya nyuma najua iko wapi.

Ila kinachonirudia zaidi ni mama mmoja muuza vitumbua, nyumba yake vyumba vinne, viwili anapangisha. Tulimwekea X ya kijani ukutani, ile ya kulipwa. Wapangaji walipoiona wakahama, nani akae kwenye nyumba inayosubiri kubomolewa? Bati likavuja, harekebishi kwasababu ataitia hela nyumba isiyo yake tena. Kila Ijumaa anakuja ofisini. Namwamkia shikamoo mama, anaitikia marahaba mwanangu, leo je? Bado mama. Haya mwanangu, Mungu yupo, anajifunga kanga yake anaondoka. Hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Alipolipwa zilikuwa zimepita Ijumaa nyingi mno, na bei ya kiwanja pale jirani imeshapanda, akaenda kununua mbali ambako wateja wake wa vitumbua hawafiki.

2. Tathmini ina umri, kwa sheria ya wathamini ya 2016 ikifika miaka miwili haijalipwa imekufa, unarudia upya kwa bei mpya.

3. Barua za kuhamisha nguzo na bomba zipelekwe TANESCO na mamlaka ya maji wakati wa usanifu, sio mkandarasi akiwa ameshachimba.

4. Taa za barabarani zinakuja na bili ya umeme kila mwezi, andika nani analipa.

5. Tembea njia yote kwa miguu, na utembee masika. Dar wote tunaijua karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, iliwekwa bonde la Msimbazi, mabasi yalianza 2016, lakini mvua kubwa ikinyesha Morogoro Road ilikuwa inafungwa pale na mabasi yanahamishwa yasizame. Mwisho imebidi lije daraja. Mto haujali mchoro wako, na mji unalipia eneo lilelile mara ya pili.

6. Matengenezo. Fungu la Mfuko wa Barabara halikui kwasababu wewe umejenga lami mpya, mtandao unaongezeka na hela inagawanywa nyembamba zaidi, kwahiyo kila kilomita unayoongeza weka na ya kuzibua mitaro, maana lami inauliwa na maji kabla ya malori.

7. Usiandike "saiti iko wazi" kama hujagonga hodi kila nyumba.

Yule kijana wa Jumatatu, ukisoma hapa nitafute kabla hujafunga PlanRep, ule mfumo wa kuingizia bajeti. Njoo na jedwali la mthamini, lile lote lenye posho, na viatu vya kutembelea. Tutaanza 0+000 asubuhi mapema, tutaenda wote mpaka mwisho.