Je, adisobenti hii ni dhahiri mno kupewa hataza?

Kwenu mnaoanza kuchunguza maombi ya hataza za kemia, yaani haki za kipekee anazopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake: adisobenti, yaani dutu ngumu inayonasa kemikali kwenye uso wake, itawapa kazi ngumu, kwa kuwa karibu kila kiambato chake kimekwisha kuandikwa mahali fulani.

Chukueni mkaa wa mifupa, unaotumika Arusha kupunguza floraidi katika maji ya kunywa. Inajulikana kwamba haidroksiapataiti iliyomo, yaani madini ya kalsiamu na fosfati, hutoa haidroksili (kundi la oksijeni na haidrojeni) na kuchukua floraidi mahali pake, na inajulikana vilevile kwamba alumina, yaani oksidi ya alumini, hunasa floraidi. Tuseme mwombaji analeta mkaa wa mifupa uliopakwa alumina. Huenda ni kitu kipya, lakini upya peke yake hautoshi. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001, sawa na Kifungu cha 56 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya, inadai pia hatua ya uvumbuzi: jambo lisiwe dhahiri kwa mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo. Msiulize tu kama mtaalamu huyo angeweza kuunganisha vitu hivyo viwili. Ulizeni kama maandiko ya kabla ya tarehe ya maombi yangemsukuma kufanya hivyo, akitarajia kwa haki kwamba atafaulu. Ukiisha kusoma maombi, kila kitu huonekana rahisi, kwa hiyo someni maandiko ya awali kwanza.

Muda mwingi utumieni kwenye takwimu za ulinganisho, maana hapo ndipo maombi mengi husimama au kuanguka. Mchanganyiko ukinasa floraidi kwa kiasi kinachokaribia jumla ya viambato vyake, matokeo hayo yalitabirika. Lakini alumina hudhoofika katika maji yenye alkali, na maji ya Bonde la Ufa mara nyingi yana alkali. Kwa hiyo mchanganyiko unaodumisha nguvu yake katika pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 8 au zaidi, yaani katika maji ya alkali, huku maandiko yakiashiria kwamba ungedhoofika, unastahili kuheshimiwa. Hakikisheni tu kwamba ulinganisho umefanywa na mkaa bora uliokuwapo, wenye punje za ukubwa uleule, katika maji yaleyale. Mkaa uliochomwa kwa joto kali mno hupoteza uwezo wake, na kuushinda mkaa wa namna hiyo hakuthibitishi lolote.

Mwisho, tazameni upana wa madai, yaani maelezo ya kile hasa mwombaji anachotaka kilindwe: majaribio ya alumina asilimia 5 pekee hayabebi dai la kuanzia asilimia 1 hadi 60, hata kama asilimia 5 yenyewe inashangaza.