Asilimia 30 ileile, lakini mkondo wa damu umebadilika

Ndugu uliyeuliza ni kwa nini vipimo viwili vya eko (ultrasaundi ya moyo) vya baba yako vimeonyesha asilimia 30 ileile ilhali sasa anachoka upesi na miguu imevimba, nakujibu kama mtu ambaye kazi yake ni kupima mioyo iliyodhoofika kwa ultrasaundi.

Asilimia hiyo hueleza ni sehemu gani ya damu iliyojaa katika chemba ya chini ya kushoto husukumwa nje kwa kila pigo; haielezi ni damu kiasi gani inayoufikia mwili. Moyo uliotanuka, wenye mililita 200 na unaosukuma asilimia 30, hutoa mililita 60, sawa kabisa na moyo wenye mililita 100 unaosukuma asilimia 60. Tena, vali ya mitrali, yaani mlango ulio kati ya chemba ya juu na ya chini za kushoto, ikivuja, damu inayorudi nyuma huhesabiwa ndani ya asilimia hiyo kana kwamba imekwenda mbele. Ndiyo maana mimi siridhiki mpaka nipime mkondo wenyewe kwa Dopla, yaani ultrasaundi inayopima kasi ya damu.

Tunapima kwenye njia ya kutokea damu, chini kidogo ya vali ya aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), na mashine huchora wimbi la kasi la kila pigo. Wimbi hilo likizungushiwa mstari, tunapata umbali ambao damu imesafiri kwa pigo moja: kwa kawaida ni sentimita 18 hadi 22 hivi, na katika mioyo iliyochoka sana nimekuta hata chini ya 10. Umbali huo ukizidishwa kwa eneo la mkato wa njia hiyo, tunapata ujazo wa damu. Kipenyo kikiwa sentimita 2, sentimita 10 ni takriban mililita 31 tu. Kwa kuwa kipenyo huzidishwa chenyewe kwa chenyewe, kosa dogo la kukipima huharibu hesabu yote, kwa hiyo ninapomfuatilia mgonjwa yuleyule nauamini zaidi umbali kuliko mililita.

Mpimaji naye ana sehemu yake: mwale wa sauti ukikutana na mkondo kwa pembe ya nyuzi 60, mashine husoma nusu tu ya kasi ya kweli, na mapigo yasipokuwa na mpangilio ni lazima kuchukua wastani wa mapigo kadhaa.

Kuhusu uvimbe, hutazamwa pia mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka sehemu ya chini ya mwili: ukiwa mpana kuliko sentimita 2.1 na haunywei vizuri anapovuta pumzi, shinikizo upande wa kulia wa moyo huwa limepanda.

Mpeleke baba kwa daktari wake sasa, usisubiri miadi, na umuulize kama umbali huo ulipimwa mara zote mbili. Ikiwa haukuandikwa kwenye majibu ya kwanza, lakini wimbi la Dopla lilichukuliwa na picha zimehifadhiwa, bado unaweza kupimwa kutoka kwenye picha hizo na kulinganishwa.