Maombolezo ya kitaifa: nifunge mgahawa au nisifunge?

Dada, umeuliza kama ufunge mgahawa wako pale Uyole siku za maombolezo ya kitaifa. Mimi nisingefunga. Maombolezo si mapumziko, hayo ni matangazo mawili tofauti. Rais mstaafu Mzee Mwinyi alipofariki Februari 29, 2024, zilitangazwa siku 7 na bendera nusu mlingoti. Siku 7 bila kuuza? Maziwa yatakugandia, na dereva wa lori la Tunduma bado atataka chai asubuhi.

Ila zima spika. Redio ya taarifa inatosha, na ile meza ya pool iliyo nje ifunike. Siku ya maziko, funga saa zile za ibada, kama tunavyoshusha milango nusu mtaani jirani akifiwa, mpaka watu warudi kutoka makaburini. Bandika karatasi mlangoni: "Tunarudi saa 10 jioni." Wali upike pungufu siku hiyo.

Siku ikitangazwa kuwa ya mapumziko, msichana wako wa jikoni akifanya kazi anastahili malipo mara mbili kisheria. Hapo piga hesabu kwanza, pengine kufunga ni nafuu.