Taa za Ukumbini na Vidonge Vilivyofichwa

Shangazi, shikamoo. Huu ni mwaka wa tano wa ndoa yangu na tuna mtoto mmoja. Mume wangu ana kifafa. Aliniambia mwenyewe tangu uchumba, nami nikaridhika. Kinachonichosha ni kwamba kila tukialikwa harusini anaondoka bibi harusi akiingia tu. Kwenye harusi ya mdogo wangu alisimama mbele ya watu, akaziba jicho moja kwa kiganja, akatoka na asirudi. Anasema ni taa, kwa kuwa daktari wa Muhimbili alimvalisha waya kichwani, akamwashia taa ya kumetameta na kusema ubongo wake haupatani nayo. Lakini nyumbani anatazama mpira mpaka saa sita za usiku na haanguki, kwa hiyo nadhani huko nje kuna mtu anayempigia simu. Mavyaa naye amehamia kwetu tangu mwanawe alipoanguka mwaka jana kwenye harusi ya binamu yangu, kipindi ambacho tulikuwa tumesimamisha vidonge kwa ajili ya kunywa kombe, yale maji ya dua, na sasa anashika ufunguo wa kabati la dawa. Aibu niliyoipata siku ile siwezi kuieleza. Rafiki yangu anasema sheria inaruhusu ndoa kubatilishwa kwa sababu ya kifafa. Je, ni kweli?
Nimechoka, Tanga.

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, maana kuishi na mtu usiyejua ataanguka lini kunaelemea moyo, na hilo silibezi. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu kila nikiirudia barua yako ninazidi kumhurumia yule ambaye hakuiandika.

Nianze na taa, kwa kuwa ndizo ulizozigeuza kuwa hawara. Kifafa kinachoamshwa na mwanga hakiwapati wagonjwa wote. Ni takriban watu 3 tu kati ya kila 100 wenye kifafa, na mumeo amepimwa akaonekana kuwa miongoni mwao. Mwanga unaowaka na kuzimika kati ya mara 3 na mara 30 kwa sekunde ndio hasa unaowaangusha wengi wa watu hao, na zile taa za disko zinazofunguliwa bibi harusi anapoingia zinaweza kuangukia humo humo. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, katuni ya televisheni ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa sekunde chache, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali, wengi wao wakiwa hawajawahi kuanguka maishani. Sijui kama nao walikuwa na watu wa kuwapigia simu nje.

Hicho kiganja kilichokukera ndicho kinachonithibitishia kuwa mumeo anasema kweli. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwani mwanga mkali hupenya kwenye kope. Anayejijua huziba jicho moja kabisa kwa kiganja, hugeuza uso na kuondoka, na ndivyo wagonjwa wa namna yake wanavyofundishwa kufanya. Mtu mwenye miadi ya siri hatoki ukumbini ameziba jicho mbele ya wakwe.

Na mpira wa usiku je? Televisheni za chogo tulizokua nazo zilikuwa zikimemeta mara 50 kwa sekunde, na aliyezikaribia sana alijitia hatarini. Hizi bapa za siku hizi hazimemeti hivyo, hasa mtu akiketi mbali na taa ya sebuleni ikiwa imewashwa. Badala ya kuvizia simu yake, mtazame mkiwa kwenye basi wakati wa jioni, jua likiwa limeinama na mwanga wake unakatikakatika kati ya minazi. Mtazame pia mkikaribishwa kwenye nyumba ambayo pangaboi inazunguka chini ya taa, au yenye tyubu inayotaka kuungua. Ukimwona anahama kiti bila kusema neno, jua kwamba amekuwa akijilinda peke yake kwa miaka yote mitano, nawe upo ubavuni mwake.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipitisha haraka ukidhani Shangazi hataiona. Umeandika kwamba "tulikuwa tumesimamisha vidonge". Nani na nani? Mume anayejua kuziba jicho lake kwa kiganja hajisimamishii dawa kwa hiari, na mama mkwe hahami nyumbani kwake na kushika ufunguo wa kabati kwa sababu ya kombe tu. Nadhani vidonge viliwekwa mahali asipoviona, na aliyeviweka ni wewe. Kama nimekukosea utaniandikia tena, ila kabla ya kuandika ujiulize mbona mavyaa wako hakumnyang'anya ufunguo mtu mwingine yeyote.

Kombe sina ugomvi nalo, na dua haijawahi kugombana na kidonge. Ugomvi wangu ni na yeyote anayemwambia mgonjwa wa kifafa aache dawa ghafla. Dawa hizi, na hasa fenobabito inayotolewa kwenye vituo vyetu vingi, zikikatwa siku moja zinaweza kuleta mishtuko inayofuatana bila mtu kupata fahamu katikati, na hali hiyo inaua. Ongeza kukesha, maana nani hukesha kama wanaume wa shughuli, wanaopanga viti na kusimamia sufuria za pilau mpaka alfajiri? Kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha mtu wa namna yake. Kwa hiyo siku ile mliingia ukumbini na mtu asiye na dawa mwilini, huenda na usingizi pia hana, mkamkalisha mbele ya taa za disko, kisha ukaja kuniandikia kuhusu aibu uliyoipata wewe.

Mavyaa wako namuunga mkono bila kumung'unya maneno. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo, na katika nyumba yenu mtu anayeifanyia kazi hesabu hiyo ni yule mama mwenye ufunguo.

Aibu hiyo, binti yangu, ndiyo inayonitisha kuliko taa. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mgonjwa mwenyewe hakuficha chochote. Anayeficha ni mke wake. Ndoa zenu za sasa zimehamia ukumbini. Mnachangishana kwa miezi kadhaa ili mpigwe picha mkiwa mmependeza, na mume anathaminiwa kwa jinsi anavyoonekana pembeni yako saa tatu za usiku, wala hakuna anayeuliza anaamka vipi saa kumi na moja alfajiri. Nyumba njema si mlango, na wewe umekaa mlangoni miaka mitano.

Hukuniambia alipoanguka ulifanya nini, na ukimya huo nao nimeusoma. Akianguka tena usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kitunguu, usimshike kwa nguvu. Ondoa viti vilivyo karibu, mlegezee tai na kola, mwekee khanga chini ya kichwa, mlaze kiubavu mtikisiko ukipungua, na utazame saa. Ikipita dakika tano bado anatikisika, apelekwe hospitali mara moja. Mate yake hayaambukizi chochote. Kifafa hakipiti kwa mate wala kwa kuguswa, hata wajomba wanaorudi nyuma hatua tatu wasemeje.

Kuhusu sheria, rafiki yako amekusomea nusu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kweli inataja kifafa cha kujirudia miongoni mwa mambo yanayoweza kuibatilisha ndoa, lakini ni kwa mwombaji ambaye alipofunga ndoa hakulijua jambo hilo. Wewe umeandika kwa mkono wako kwamba alikuambia tangu uchumba nawe ukaridhika. Barua hiyo hiyo ingesomwa mahakamani, ungerudi nyumbani kabla ya adhuhuri.

Utakachofanya ni hiki. Mwende pamoja kwa daktari wake, umweleze wazi kwamba dawa zilikatwa, lini na kwa muda gani, ili ajue anatibu nini. Ufunguo usimdai mavyaa. Mwombe msamaha, umwombe akufundishe saa za dawa, na ukae mwezi mzima ukimpa mumeo vidonge yeye akiangalia. Harusi ijayo ya upande wenu, nenda mapema kwa mwenye muziki, umwambie taa za kumetameta zisiwashwe kabisa, za kawaida zinatosha. Atakataa, au kamati itakuuliza ni kwa ajili ya nani. Wajibu kwa sauti, mbele ya mama yako na shangazi zako wote, kwamba ni kwa ajili ya mume wako, ana kifafa.